Usiende Wasini bila kuuliza maji

Mhariri,

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, kurasa za utalii huisifu Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, kwa kaa na pomboo, lakini jambo linaloamua siku ya mgeni halitajwi: maji kupwa na kujaa. Mtu hutoka Mombasa, akashuka Kanana kwenye njia panda, akapanda bodaboda hadi Shimoni penye mashua za kisiwani, akavuka saa saba mchana, kisha akarudi akilalamika kwamba hakuna cha kuona.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku za bamvu, yaani maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Anayetaka kuiona bustani ya matumbawe ya kale, ile ambayo akina mama wa kijiji huitunza na njia yake ya mbao, achague bamvu. Saa nne mawe yako wazi hadi chini yalikoliwa na mawimbi, kaa wanakimbilia mashimoni kwenye tope la mikoko. Akirudi saa tisa, bahari imeshaingia chini ya mbao. Kiingilio ni cha kikundi cha akina mama hao, basi kilipwe pale pale, si kwa dalali wa Shimoni.

Maji yakitoka, mara nyingi mashua haifiki ukingoni. Utashuka kwenye mwamba wenye ncha, na ndara hukatika. Vaa raba.

Kisiwa hakina mto. Wenyeji hukinga mvua, kwa hivyo jibebee maji ya kunywa, ila anayepitiliza hadi hifadhi ya bahari ya Kisite aache chupa za plastiki za kutupwa: ni marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Chakula agiza unapofika, kabla ya matembezi, maana samaki wa kupaka na wali wa nazi havipikwi kwa dakika kumi.

Wasini pia si kijiji kimoja. Mkwiro iko upande wa mashariki, mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu, kwani magari hayapo. Huko, kama kwingine kisiwani, mabega na magoti yafunikwe. Leso moja yatosha. Tena Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, usitarajie kumpata nahodha.

Msomaji wenu,
Kwale