Kaka Juma asimwachishe mzee dawa

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu umfikishie mzee. Huku sote wazima, Salma kajifungua salama, na Bi Zuhura keshagombana na kila mtu kuhusu jina la mtoto. Hayo tutayaongea. Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi.

Eti Kaka Juma anataka mzee aache levodopa, dawa yake ya ugonjwa wa Parkinson, kwa kuwa vidonge “vimechoka”? Asiache ghafla, nakuomba sana. Anaweza kupata homa kali, mwili ukakakamaa, hata maisha yakawa hatarini. Kama dozi haimtoshi, daktari wake ndiye aipange upya.

Unajua nilivyo na protini zangu za ubongo. Ninayoisoma sasa inaitwa DARPP-32, waliigundua Paul Greengard na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Imejaa kwenye seli zinazopokea dopamini (kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwayo), sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza miondoko. Dopamini yenyewe haiingii ndani ya seli, inabisha hodi nje tu. Huko ndani, kimeng'enya kimoja, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kinaibandika DARPP-32 fosfeti, kijisehemu kidogo cha kikemikali, nayo inakizuia kimeng'enya kingine kisibandue fosfeti za protini nyingine. Ndivyo ujumbe unavyopata nguvu. Parkinson inaua seli zinazotuma dopamini, lakini zile za kupokea nyingi bado zipo, zinangoja hodi. Kaka Juma alielewe hilo, Rehema! Mzee akikwama mlangoni si ukaidi.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson, Msweden, aliwapa sungura dawa ya kumaliza dopamini, wakalala hawajiwezi. Alipowachoma levodopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini, wakaamka. Yeye, Greengard na Eric Kandel walipewa Nobel mwaka 2000. Greengard fungu lake akaanzishia tuzo ya wanasayansi wanawake, kwa jina la mama yake aliyefariki akimzaa. Nilivyosoma hapo nilimkumbuka marehemu mama yako, sijui kwa nini...

Basi niambie: vidonge anameza saa ngapi? Anavimeza pamoja na nyama au maharage? Maana vyakula hivyo vinaweza kuipunguza dawa isifike ubongoni. Mtetemeko unamrudia karibu na dozi inayofuata? Kliniki anapelekwa na nani siku hizi? Na Kaka Juma anapatikana Jumapili jioni, nimpigie mwenyewe?

Wako,
Mwanaidi