Fundi, nimeuona mnara uliopinda

Niaje fundi wangu,

Za Kibaha? Huku Uingereza baridi bado inatutesa ila tunadunda. Si unakumbuka uliponiambia mbao za kenchi za paa langu ni mbichi, nikakujibu chukua tu hizo za bei chee? Bana juzi nilienda Chesterfield, kamji ka Derbyshire, nashuka tu kwenye treni naona mnara wa kanisa umejisokota kama koni ya aiskrimu, nikajua ni macho yangu. Kumbe kweli! Ni kanisa la parokia la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, la Waanglikana, na ile ncha ya mnara iliwekwa kama mwaka 1362. Toka chini mpaka juu ni mita 69 hivi, imejinyonga nyuzi 45 alafu imelala upande karibu mita 3.

Sasa sikia sababu, maana nilikukumbuka palepale. Ile ncha ndani ni mbao tupu, na walipaua na mbao mbichi!! Enzi zile ilikuwa kawaida, mwaloni mbichi ni rahisi kuukata, ila fundi anayejua kazi anakingamanisha mbao za kutosha ili zikikauka zisicheze, hapa hawakufanya hivyo, na inasemekana ni kwa sababu tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imefagia watu Uingereza, labda hata nusu yao, mafundi wazoefu wakaenda nao. Alafu juu wakafunika kwa risasi, ile ya kwenye betri za gari, tani 30 na zaidi yani. Mbao inakauka huku imebeba mzigo wote huo, na jua la huku linapiga zaidi upande wa kusini, risasi inatanuka, basi ikaanza kujikunja mdogo mdogo.

Wenyeji wao wanakwambia shetani alipigiliwa kiatu vibaya na mhunzi akaruka kwa maumivu akaupiga teke. Wengine eti bibi harusi bikira aliingia kanisani, mnara ukageuka kumshangaa, na utanyooka siku akija mwingine. Nilicheka peke yangu mle ndani kama chizi.

Na Desemba 1961, mwezi uleule tuliopata uhuru, kanisa liliungua, kinanda chao cha zamani kikateketea, ncha ikapona.

Kwa hiyo yale maneno niliyokujibu kuhusu mbao za bei chee nayafuta. Zile za kenchi zianike kwanza, hela ya misumari natuma mwisho wa mwezi. Na picha zinakuja, ukigeuza simu kuzitazama usinilaumu, hazijapinda, ndo mnara ulivyo.

Wako wa baridini