Tunawafungia watoto geti afu tunalalamika wamekua wazembe

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu, na nianze kwa kukiri kwamba kwenye hili mi mwenyewe ni mkosaji.

Nina watoto wawili, wa kike yupo darasa la sita na mdogo wake wa kiume la tatu, tumepanga Tabata nyumba ya ndani ya geti. Miaka kama mitatu hivi nimekua mtu wa kulalamika tu, watoto wa siku hizi sijui wakoje, wakikimbia kidogo wanahema kama wazee, kutwa katuni na gemu kwenye simu ya mama yao. Mpaka jioni moja binti yangu kaniambia, tena bila hasira, "baba si wewe ulisema tusitoke nje?" Nikakosa jibu, maana kweli mi ndo nilisema, na mi ndo niliweka bando ili watulie.

Ukiangalia ratiba yao yenyewe unachoka. Skulibasi inawapitia saa 11 na nusu alfajiri, wanarudi saa 11 jioni, homuweki, kula, kulala, Jumamosi tuisheni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate walau dakika 60 kwa siku za kuchezesha mwili mpaka moyo uende mbio, wangu hata 20 sidhani kama walikua wanafikisha. Utafiti wao uliotoka 2019 ulionyesha duniani kote vijana wa shule wa miaka 11 hadi 17 asilimia 81 hawafikii hicho kiwango, wavulana 78 na wasichana 85. Hiyo tofauti ilinichoma kwasababu naijua inapotokea, inatokea kwangu. Dogo akichoropoka kwenda kucheza chandimu nafoka kidogo afu yanaisha, dada yake akitaka kutoka naanza vyombo umeosha? umedeki? mtoto wa kike unarukaruka barabarani unatafuta nini? Baba yuleyule, geti lilelile.

Sasa woga wetu sio wa bure, bodaboda zinapita mtaani kama zimeibiwa na viwanja vyote vimejengwa. Ila nyuma yetu kuna mtu ana msingi wa nyumba umekaa miaka, mbele pana mchanga mwingi tu, nikaenda kumuomba akakubali. Tukakubaliana na majirani tunapeana zamu ya kukaa na watoto pale, Jumanne na Alhamisi yangu.

Siku ya kwanza nilijua naenda kukaa kwenye stuli niangalie, wakanivuta wakaniweka kati kwenye rede, ule mchezo wa kujaza chupa mchanga huku unakwepa mpira, chupa mkononi. Mhariri mi nimecheza rede utotoni najiona fundi, sijafika hata nusu chupa ya mchanga nimeshapigwa mpira wa soksi mgongoni, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wiki iliyofuata nimechelewa foleni, nafika nawakuta getini wananisubiri, "Baba Neema leo hutoki?" Simu ipo ndani kwenye kochi hakuna aliyeikumbuka.

Nilidhani kusapoti mtoto ni hela. Kuna jirani kamnunulia mwanae baiskeli nzuri kweli, inaning'inia ukutani mwaka wa pili maana hakuna wa kutoka nae. Na shuleni ndo hivyohivyo, mahafali ya chekechea tunajaa na kamera mpaka viti havitoshi, siku ya michezo wazazi unawahesabu kwa vidole, na nusu yao wamekuja kuwafokea watoto wakimbie, mtoto akitoka pale hataki tena hata kuuona uwanja. Mwingine mwanae akichaguliwa timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, anakataa asiende eti atafeli, sasa huyo mtoto kesho utamwambiaje acha simu ukacheze?

Na nyie wa gazeti msinichukie, kurasa za michezo kila siku Simba na Yanga, Simba na Yanga, mi ni Yanga damu sikatai, ila UMITASHUMTA ikianza tupeni hata robo ukurasa, picha ya mtoto wa Kilosa anaruka juu ikipita kwenye gazeti wazazi wake watakuja uwanjani wenyewe.

Niishie hapa, leo Alhamisi na chupa yangu inanisubiri.

Baba Neema,
Tabata, Dar es Salaam