Mwache Salma asome Historia na Uraia

Kilifi,
Juni 2025

Mpendwa Mama Salma,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, alhamdulillahi, na natumai huko Voi nanyi hamjambo, pamoja na bibi na watoto wote.

Umeniuliza kuhusu masomo ya Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mfumo mpya. Salma anataka Historia na Uraia, naye babake anasema somo hilo ni la watu wanaotaka kugombea viti. Jibu langu ni moja tu: mwache asome. Na nisikilize kwa nini, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Mimi bado nasomesha Historia na Serikali ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, itakayokwisha na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2027. Sehemu ya serikali huwekwa mwisho wa mtihani. Katika karatasi ya kwanza ni Sehemu C: maswali matatu, mtahiniwa achague mawili, alama 30. Basi wanafunzi wengi huziona kuwa alama za kukariri. Eleza kazi sita za Bunge, taja haki tatu za raia, funga daftari. Hilo huniuma sana. Mtoto anaweza kuzoa alama zote za swali la Bunge na asijue barabara mbovu ya kwao ni ya kaunti au ya serikali kuu, wala malalamiko yake ayapeleke kwa nani.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Kidato cha 4 ya mapato na matumizi ya umma. Wengi huisoma mbiombio, mtihani ukiwa mlangoni, kwa sababu inaonekana kavu. Lakini humo ndimo siasa ilimo! Chukua ugavi wa pesa za kaunti. Katiba inasema kaunti zote 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwanafunzi huandika hapo akaendelea. Mimi huwasimamisha: asilimia 15 ya mapato ya mwaka gani? Kifungu cha 203 kinasema ni ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nazo hesabu hizo huchelewa kuidhinishwa, kwa hivyo kiwango cha chini hupigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, yaliyo madogo kuliko ya leo. Ukiwaeleza hivyo darasa zima huamka. Wanaanza kuuliza nani anachelewesha, nani anafaidika, gavana anaweza kushtaki wapi. Siku hiyo kengele ikilia hakuna anayetoka.

Halafu ikaja Juni ya mwaka jana. Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024, ulioanza na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa magari wa asilimia 2.5. Hayo mawili yaliondolewa mapema, lakini vijana walikuwa washausoma mswada wenyewe, wengine wakautafsiri kwa lugha za mama ili wazee waelewe. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Vijana wengi waliuawa katika maandamano yale, na sitaki kamwe mwanafunzi wangu ayaseme kana kwamba ni hoja moja ya kujazia jibu. Kifungu cha 37 cha Katiba, cha haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, tulikuwa tukikisoma kila mwaka. Sasa nikikitaja, darasa hunyamaza kwanza.

Mwambie babake pia kwamba somo halikomei Kenya. Karatasi ya pili ina Uingereza, Marekani na India. Wanafunzi wangu hubishana sana kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 2016: Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 3 zaidi ya Donald Trump, na bado akashindwa, kwa sababu wanaohesabiwa ni wajumbe 538 wa kumchagua rais, wanaopatikana jimbo kwa jimbo, na anayefikisha 270 ndiye rais. Hapo nawarudisha nyumbani. Kwetu mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Kwa nini tuliweka sharti hilo la pili? Mtoto akijibu vizuri, ameielewa Kenya na makabila yake kuliko wengi wanaopiga kelele redioni.

Kuhusu kazi, sitakuficha kwamba ushindani ni mkali. Lakini mkondo wa Sayansi ya Jamii unampeleka kwenye sheria, uandishi wa habari, utawala, na ofisi za kaunti zenyewe. Na hata akiishia kuwa muuguzi, kodi atakatwa na kura atapiga. Uchaguzi wa Agosti 2027 utamkuta Gredi ya 11, bado hajafikisha miaka 18, lakini atauona kwa macho yake, na ningependa auone akiwa na mwalimu wa kumuuliza maswali.

Ila kabla hamjachagua shule, ulizeni jambo moja: je, somo hilo linafundishwa huko kweli, na lina mwalimu wake? Si kila shule itakuwa na kila mchanganyiko wa masomo. Hesabu naye asiziachilie.

Nitumie Salma likizo ya Agosti. Nitampeleka kwenye kikao cha Bunge la Kaunti, aketi sehemu ya wageni asikilize hoja zikijadiliwa. Na babake akipenda, aje naye. Nitamsalimu vizuri na tutaongea.

Nisalimie bibi, umwambie maembe yake hayakusahaulika.

Wako akupendaye,
Mama Hamisi