Kwa binamu yangu, kuhusu zile sahihi

Binamu,

Simu hushiki, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu, labda haya zitakufanya ujibu.

Ulisema pale matangani, wazee wakisikia, kwamba mimi na huyo Obama wangu ni damu moja, watu wa kushikilia karatasi. Ukasema alimnyang'anya mama wa watu kiti kwa ujanja wa sahihi, na kwamba mimi nami nilikumaliza hivyo hivyo ulipogombea bunge la kaunti 2022. Wewe ndiye uliyevaa ile fulana yenye sura yake mpaka ikapauka. Ndiye uliyecheza barabarani tarehe 6 Novemba 2008, siku serikali ilipotupa sikukuu kwa sababu mtoto wa mtu wa K'Ogelo ameshinda urais ng'ambo. Siku hiyo hukumkumbuka mama yeyote.

Tuanze naye huyo mama, kwa sababu hadithi yake unaisimulia nusu.

Alice Palmer alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, wilaya ya 13, kusini mwa Chicago: Hyde Park, Kenwood, South Shore. Seneta wa jimbo, si wa taifa, na hiyo unaichanganya kila mara. Mwaka 1995 mbunge wa eneo hilo kule Washington, Mel Reynolds, alipatikana na hatia ya makosa ya kingono na msichana mdogo, akajiuzulu. Palmer akakitamani kile kiti kikubwa. Hakusukumwa na mtu. Septemba 19 mwaka huo akasimama katika hoteli moja ya Hyde Park akamtambulisha wakili wa miaka 34, Obama huyo huyo, kama mtu anayefaa kushika nafasi anayoiacha. Novemba 28 akabwagwa kwenye mchujo wa chama: Jesse Jackson Jr. wa kwanza, Emil Jones wa pili, yeye wa tatu kwa mbali. Mwanzoni mwa Desemba watu wake wakamwendea Obama wakamwomba apishe, mwenyewe anarudi. Akakataa.

Hapa nakupa haki yako. Mtu aliyelelewa kwetu angeona uzito. Mkubwa amekushika mkono akakuonyesha mlango, amejikwaa huko alikokwenda, anarudi kwake, nawe umesimama kizingitini. Ningekuwa mimi, sijui kama usiku ule ningelala. Lakini kiti cha kura si shamba la urithi, na ahadi aliitoa yeye mwenyewe hadharani.

Sasa njoo kwenye karatasi. Ili jina liingie kwenye kura ya mchujo ya chama, sheria ilidai sahihi 757 za wapiga kura wa wilaya ile. Obama aliwasilisha zaidi ya 3,000 siku ya kwanza ya kupokea fomu. Palmer alikuja siku ya mwisho, Desemba 18, na sahihi 1,580 zilizokusanywa mbiombio kwa siku chache. Ukizitazama juu juu unaona amezidisha mara mbili, ametulia. Baada ya Krismasi timu ya Obama ikaweka pingamizi dhidi ya wapinzani wote wanne. Januari 2, 1996 vijana wa kujitolea wakaketi kwenye ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago, fomu upande huu, daftari la wapiga kura upande ule, wakaanza kupita mstari kwa mstari.

Meza hiyo ndiyo hutaki kuitazama, kwa hiyo nitakuweka mbele yake kwa nguvu. Mstari wa kwanza: jina lipo, anwani ipo, lakini mtaa huo uko nje ya mpaka wa wilaya. Kata. Wa pili: mtu hayumo daftarini. Alikuwemo, ila tume ilikuwa imetoka kusafisha daftari, na katika wilaya hiyo peke yake majina 15,871 yaliondolewa. Mwenyewe bado anaamini ni mpiga kura. Kata. Wa tatu: ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi yake, haifanani na ile ya kadi ya usajili. Kata. Wa nne: kesha tia sahihi ukurasa wa tatu, na hapa tena. Kata. Kisha wanageuza kumwangalia mkusanyaji mwenyewe, aliyeapa chini ya kila ukurasa kwamba watu hawa walitia sahihi mbele yake. Akipatikana na kasoro yeye, ukurasa mzima unakwenda naye. Walipomaliza, karibu thuluthi mbili ya zile 1,580 zilikuwa zimekatwa, na Palmer alipungukiwa na takriban 200. Januari 17 akajiondoa. Mwingine, Gha-is Askia, alikuwa na 1,899, nyingi kuliko za mama, naye akapungukiwa na 69 tu. Wote wanne wakaanguka. Machi jina la Obama likabaki peke yake kwenye mchujo, na Novemba akashinda kwa asilimia 82 hivi, maana wilaya ile ukishapita mchujo wa Democrats, chama chake, umefika.

Unaona wizi uko wapi? Mimi naona hesabu. Hata zile zaidi ya 3,000 zake, zingekatwa thuluthi mbili, bado zingebaki zaidi ya 757. Ndiyo maana wazoefu wa Chicago hukusanya mara tatu au nne ya kiwango, na huanza kuzikagua wenyewe jioni ile ile zinapoingia, kabla adui hajazigusa. Kurasa zinapigwa nambari kwa mfuatano na kufungwa pamoja kama kitabu, kiapo cha mkusanyaji kinathibitishwa na wakili wa viapo. Anayeshindwa huko mara nyingi ana watu. Kilichomshinda ni kwamba hakuwa na mtu mmoja mkaidi wa kukaa na orodha.

Nilitaka kuwa mtu huyo kwako, 2022. Unakumbuka nilikuandikia nini? Mgombea huru wa bunge la kaunti anahitaji wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo. Nikakwambia leta 1,500. Ukacheka. Nikakwambia uwe umetoka chamani miezi mitatu kamili kabla ya uchaguzi, na uwe na ushahidi wa kutoka. Nikakwambia wanaokuunga mkono wasiwe wanachama wa chama chochote, na wengi hawajijui, kwa sababu mwaka uliotangulia Wakenya walifungua mtandao wa msajili wa vyama wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi hata kuvisikia. Kila mtu aangalie jina lake kwanza, ajitoe, ndipo aandike. Ukanijibu kwamba siasa ni watu, si fomu.

Halafu ukanitumia picha za zile kurasa, kwa fahari, nione kazi ilivyokwenda.

Kalamu moja. Buluu ile ile kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Herufi "k" ina mkia ule ule kwa watu ishirini. Chicago mchezo huu una umri mrefu: watu wanaizunguka meza, mmoja anasoma majina kutoka kitabu cha simu, wengine wanaandika, kila akichoka anapitisha ukurasa kwa jirani ili mwandiko ubadilike. Nyinyi hata kupitisha hamkupitisha. Na mstari wa 14, binamu. Mstari wa 14 ulikuwa na jina la babu, na nambari ya kitambulisho chake, na sahihi. Babu alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Babu ambaye alikuwa akitia kidole gumba kwenye wino kwa sababu kalamu hakuijua maisha yake yote, wewe ukampa sahihi ya kupinda pinda kama ya meneja wa benki.

Hilo sijakusamehe. Kukosa kiti ningekufariji.

Na kwa kuwa umewaambia watu kwamba ni mimi niliyepiga simu fomu zikarudishwa: sikupiga. Afisa anayelinganisha majina na daftari hahitaji kupigiwa na mtu yeyote. Nilichofanya ni kumwambia mjomba asiuze yule ng'ombe kwa ajili ya kampeni ambayo haingefika kwenye karatasi ya kura. Ningenyamaza, ng'ombe angeliwa na vipaza sauti, nawe ungerudishwa vilevile. Nieleze nilipokosea. Labda nilikosea kumwambia mbele ya shemeji. Hilo sawa.

Unapenda kusema Obama alipaa kwa bahati. Soma miaka yake minane katika seneti ya jimbo kule Springfield, mji mkuu wa Illinois, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, sita ya mwanzo akiwa upande wa wachache ambako muswada wako unafia kamatini. Alijifunza kucheza poka na wabunge wa vijijini ili wamsikilize. Desemba 1999 alikuwa Hawaii na mtoto mgonjwa, akakosa kura ya sheria ya bunduki iliyoshindwa kwa kura chache. Wapinzani hawakumwachia hilo, na Machi 2000 Bobby Rush, mbunge aliyekuwa kitini, akamcharaza katika mchujo wa ubunge wa taifa, asilimia 61 kwa 30. Mwaka 2001 vyama vilipokwama kuhusu mipaka mipya ya wilaya za uchaguzi, jina la atakayeamua likachotwa kwenye kofia ndefu kama ile ya Abraham Lincoln, na bahati ikaangukia Democrats. Hapo ndipo bahati yake ilipo, kama unaitafuta. Lakini baada ya kofia alikwenda kukaa na mchoraji wa ramani, mtaa kwa mtaa, wilaya yake ikanyooshwa kaskazini hadi kwa matajiri wa kuchangia kampeni. Karatasi tena.

Na aliyekuwa rais wa seneti ile kuanzia 2003, akampa miswada ya kubeba, ukiwamo wa kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji, ni Emil Jones. Yule yule wa pili katika ule mchujo uliomwangusha Palmer. Mambo haya yanachekesha ukiyaweka pamoja.

Palmer mwenyewe mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton dhidi ya Obama. Miaka kumi na miwili, na bado. Kwa hiyo najua unyamavu wako unaweza kurefuka.

Nasikia unataka tena 2027, wadi ile ile, huru vilevile. Uchaguzi ni Agosti 10; hesabu miezi yako ya kutoka chamani kwa kurudi nyuma kutoka hapo na uongeze mwezi wa tahadhari. Tafuta mtu asiyekupenda sana akukagulie majina, maana anayekupenda atakuhurumia. Kila mwenye sahihi ashike kalamu yake mwenyewe, na asiyejua kuandika atie kidole.

Ukiipata orodha ya wapiga kura wa wadi, gharama ya kuichapisha nitalipa mimi, kurasa zote. Ya vipaza sauti usiniulize.