Barua ya wazi kwa kiongozi wetu wa basketi: mrudishieni binti huyu mechi yake

Mheshimiwa Rais, Papa yetu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Jina lako silitaji hapa, wala la chama unachokiongoza, kwa sababu sitafuti kukuaibisha mbele ya watu. Nataka unisikie. Tangu mwaka jana nimeacha barua tatu kwenye biro yako hapa Lubumbashi, na kila nilipouliza niliambiwa zimefika mezani. Hii ya nne naiandika wote waisome, labda mmoja wao atakufikia kabla ya Jumamosi.

Jumamosi iliyopita ulikuwa safarini, kwa hiyo acha nikueleze mimi niliyeona. Ilikuwa robo ya nne, zimebaki sekunde arobaini na kitu, timu zimeachana pointi moja. Mchezaji akaingia kwa nguvu kuelekea kikapu. Mlinzi alikuwa ameshasimama, miguu yote miwili chini, amemkabili, akagongwa kifuani akaanguka chali. Binti aliyekuwa mwamuzi chini ya kikapu, mwenye miaka ishirini, akapuliza mara moja, akapiga ngumi kwenye kiganja: kosa la mshambuliaji. Kikapu kikakataliwa. Mimi nilikuwa mezani nikiandika karatasi ya mechi, na hakuna kitu kilichonizuia kuona. Alikuwa sahihi, Papa. Ningekuwa mimi, ningepuliza vilevile.

Kocha akaingia kiwanjani akipiga kelele. Binti akampa faulo ya ufundi, kwa utulivu, kiganja juu ya vidole kama tulivyofundishana. Ndipo kocha akamshika kamba ya filimbi shingoni, akaivuta mpaka ikakatika, akamwambia aende nyumbani akapike bukari. Filimbi ikaanguka ikapasuka. Watu wengine walicheka. Binti hakulia, hakurudi nyuma. Alinyanyua ngumi zote mbili juu: nje. Mimi nikatoa filimbi yangu kwenye mfuko, nikampa, na alimaliza mechi kwa hiyo hiyo, mstari mwekundu ukionekana shingoni mwake.

Jumatatu orodha ya mechi za wiki hii ikabandikwa. Jina lake halipo tena kwenye mechi za wakubwa. Amewekwa mezani, kwenye mechi za watoto, kuangalia saa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba ni kwa ajili ya usalama wake, apumzike kidogo. Jina la yule kocha halikuguswa. Jumamosi atakaa kwenye benchi lake kama kawaida. Basi aliyevuta kamba anarudi kazini, na aliyevutwa anapumzishwa. Kama ni usalama, mlindeni akiwa kiwanjani. Wekeni watu wawili pembeni, mwandikieni kocha barua, mpeni adhabu iliyo kwenye kanuni zenu wenyewe. Ripoti ya mechi mnayo, niliiona ikisainiwa.

Jumanne jioni binti alikuja kwangu Katuba. Alibeba filimbi yangu ndani ya kimfuko cha plastiki, amenirudishia pamoja na kitabu cha sheria nilichomwazima. Akasema, akiniita dada mkubwa: «Yaya, shika. Mimi basi.» Alikataa hata kukaa.

Nataka ujue ni nani mnayempoteza. Alipokuja kwetu miaka miwili iliyopita, alikuwa akiongea na kinywa kimefunikwa na mkono. Kila Jumatano alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini, tunakutana wanawake sita au saba kwenye uwanja wa shule. Kiwanja hakina hata nyavu. Tunapanga vifuniko vya soda juu ya saruji: hiki ni mwamuzi wa mbele, hiki wa nyuma, mpira umehama, na wewe unahamia wapi? Kitabu cha sheria ni cha Kifaransa, tunakisoma mstari kwa mstari na kukieleza kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aweze kukieleza mwenyewe. Tunakimbia mita ishirini kwenda na kurudi, simu ikilia tugeuke, ikizidi kuharakisha na sisi tuharakishe. Tunajifunza kupuliza. Watu hudhani filimbi ni mashavu. Filimbi ni tumbo. Ukipuliza kwa woga, kila mtu kiwanjani anasikia woga. Siku ya kwanza filimbi ya binti huyu ilitoa sauti kama ya kifaranga. Baada ya miezi minne alipuliza mara moja, na mlinzi wa shule akatoka kwenye kibanda chake kuangalia kuna nini. Tulimpigia makofi yote tuliyokuwa nayo.

Na haikubaki kiwanjani. Mama yake aliniambia kwamba binti alimwendea mwenye nyumba na kumdai risiti ya kodi ya miezi mitatu, amesimama wima, akimtazama usoni, na akaipata. Hicho ndicho kazi hii inampa mwanamke. Unajifunza kuamua ndani ya nusu sekunde, kutamka uamuzi wako, kubeba kelele za watu mia tatu bila kuutupa chini, na ukikosea, kukubali kimya na kuiona vizuri mechi inayofuata. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa filimbi. Kabla yake sikuwahi kusema hapana kwa mwanaume aliyenizidi umri.

Nimepuliza tangu 2014, Papa. Viatu nimenunua mwenyewe, suruali nyeusi nimeshona mwenyewe. Nauza unga kwenye soko la Kenya, hapa hapa mjini Lubumbashi, na siku ya mechi nafunga mapema, napoteza wateja wangu wa jioni. Faranga za usafiri za msimu uliopita bado sijapewa, na sijawahi kugoma. Nimebadilisha nguo nyuma ya gari, nimebadilisha darasani huku dada mmoja amenishikia kitenge mlangoni, kwa sababu chumba cha waamuzi ni kimoja na wanaume wako ndani. Nilirudi kiwanjani mtoto wangu wa tatu akiwa na miezi mitano, ninanyonyesha wakati wa mapumziko. Wakwe zangu waliuliza ni mke gani anayekimbia kati ya wanaume. Mume wangu aliwajibu, Mungu ambariki. Miaka yote hiyo, mechi za wanaume wakubwa nilizopewa kuongoza zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mezani nimewekwa mara nyingi mno, hata sihesabu tena.

Sikuumia hivyo kwa ajili yangu. Nilivumilia nikidhani wadogo zangu watapita pale nilipokwama.

Mnapotuambia kwamba wachezaji wanaume hawatatii mwanamke, nakumbuka kitu ambacho mabinti wangu wote wanakijua. Mwaka 1997 kule Marekani, Violet Palmer na Dee Kantner waliingia NBA, ligi kubwa ya wanaume ya basketi, kama waamuzi, wanawake wa kwanza. Wachezaji wale, wengine wana zaidi ya mita mbili. Palmer aliendelea mpaka 2016, na mwaka 2006 alisimamia mechi ya mchujo wa ubingwa. Hawakumpa mechi kwa huruma. Walimpa mechi, akakua ndani ya mechi. Mwamuzi hakui akiwa mezani, kama mwogeleaji asivyojifunza akiwa ukingoni mwa mto.

Na sisi hapa si watu wa jana katika mchezo huu. Wanawake wa nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, walichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994. Mwadi Mabika wa Kinshasa alitwaa mataji mawili ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, na timu ya Los Angeles, 2001 na 2002. Hapa hapa Lubumbashi amezaliwa Bismack Biyombo, aliyefika kucheza NBA. Tunazaa wachezaji wa kucheza na dunia nzima. Ni nani atakayezaa waamuzi, ikiwa kila binti anayethubutu tunamficha siku anapoonyesha ujasiri?

Sheria za nchi nazo unazijua kuliko mimi. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inadai usawa kati ya mwanamke na mwanaume. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilikuja kuutekeleza. Sikuandikii kama wakili. Ila tarehe 8 Machi mwaka juzi tulivaa vitenge tukakaa mbele yako, na wewe ukasimama ukatuahidi mambo matatu: mafunzo kwa waamuzi wanawake, chumba chetu cha kubadilishia nguo, na mwamuzi mwanamke katika kila mechi ya wakubwa. Ulisema kwa Kiswahili, kila mtu akaelewa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mafunzo hayakuja. Chumba hakikuja. Na yule mmoja aliyekuwa amefika kwenye mechi za wakubwa, mmemtoa.

Sijui kwa nini. Labda klabu ya yule kocha ina uzito kwenye vikao vyenu. Labda mnaogopa atajitoa na wachezaji wake. Labda wanaopanga orodha hawakukusimulia mambo yalivyokuwa, na wewe umesaini ukiwa umechoka na safari. Napenda kuamini hili la mwisho, kwa sababu nimekuona ukiwasalimia mabinti kwa majina yao.

Nilitaka kudai yote matatu kwenye barua hii, na faranga zetu pia. Nimeyaacha. Tutayaongea siku nyingine, tukiwa tumekaa. Leo naomba moja tu: mrudishieni huyu binti mechi yake. Mechi ya wakubwa, Jumamosi hii, siyo mwezi ujao. Mkiona bado ni mdogo, nipangeni naye mimi, nisimame nyuma yake dakika zote arobaini. Mkikosa faranga za kuwalipa wawili, mimi sidai yangu. Lakini aingie mwenyewe kiwanjani, watu waliocheka wamwone akiingia, na yule kocha akiwa amekaa nje kwa muda ambao kanuni zinasema. Akikaa nyumbani Jumamosi hii, Papa, hatarudi. Nimeona wanne wakiondoka hivyo hivyo, kimya kimya, na kila mmoja aliniambia anapumzika kidogo.

Nimemnunulia filimbi mpya na kamba. Haijafunguliwa, iko kwangu juu ya kabati. Jana usiku nilimpigia simu, sikumbembeleza, nilimwambia tu saa ya kukutana. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama tutavaa shati la kijivu au la chungwa.

Mechi inaanza saa tisa alasiri. Saa nane tutakuwa mlangoni, sisi wawili, tumeshavaa. Tafadhali, orodha iwe imebadilishwa tukifika.

Kwa heshima,

Mwamuzi wako, mama wa watoto watatu
Katuba, Lubumbashi