Swali lako kuhusu meya na theluji

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote ulio nao. Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima, ila mgongo haukunjuki na viganja vimetoka malengelenge. Siku nne nimeshinda na beleshi mkononi nikitoa theluji mlangoni, na barua yako ilinikuta katikati ya kazi hiyo. Ulivyouliza nilicheka: theluji inashushwa na Mungu, sasa meya analaumiwa kwa lipi? Baadaye swali likagoma kunitoka, maana mtaani kwetu wiki hii meya ametukanwa mpaka watu wamekaukiwa na sauti.

Dhoruba yenyewe haikutuvizia. Watabiri waliitangaza siku tatu kabla, na halmashauri, tuitendee haki, haikulala. Jumatano mchana, mbingu bado nyeupe na kimya, magari yao yalikuwa yakipita barabara kuu yakinyunyiza maji ya chumvi kwenye lami kavu. Mimi nikaona ni kupoteza mali ya umma. Mzee jirani yangu, ambaye ujana wake wote aliendesha magari hayo, akanicheka. Chumvi ikitangulia, alisema, theluji haishikani na lami, na greda likipita linaikwangua kama ukoko uliolowekwa. Ikichelewa, matairi yanaishindilia inakuwa barafu, na hiyo utaipigia nondo mpaka uchoke. Tena chumvi nayo ina mwisho wake: baridi ikishuka kupita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, haiyeyushi kitu cha maana, unabaki kumwaga mchanga ili magurudumu yapate pa kung'ang'ania.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama, au ya sifa, huwa imeshapatikana kabla chembe ya kwanza haijatua. Chumvi imo ghalani? Magreda yanawaka? Madereva wamegawiwa zamu na kila mmoja anaijua njia yake? New York, Februari 1969, iliangukiwa na theluji ya sentimita 38 hivi, na sehemu kubwa ya mitambo ya kuiondoa ilikuwa mibovu. Watu 42 walikufa, karibu nusu yao upande wa Queens jijini humo, ambako mitaa ilikaa siku kadhaa bila kuona greda. Meya John Lindsay alipokwenda huko kuwaangalia wananchi, gari lake nalo likakwama, akazomewa. Nilipomsimulia mzee habari hiyo, alichouliza ni nani alikuwa msimamizi wa karakana!

Sasa nikurudishe kwetu. Upepo ulivuma usiku wa Jumatano mpaka Alhamisi jioni, na tulipofungua milango theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Kila mji una mpangilio wake wa kuisafisha, na mingi inafanana: kwanza barabara kuu na njia za kwendea hospitali na zimamoto, halafu njia za mabasi, mwisho vichochoro. Sina ugomvi na mpangilio huo. Ugomvi unaanza ukiwa unaishi kwenye hiyo "mwisho".

Mzee huyu husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na zamu yake ilikuwa Ijumaa. Tulipiga ile namba ya halmashauri. Sauti yenye adabu kabisa ikatujibu kwamba mtaa wetu umo kwenye orodha. Tukapiga tena baada ya saa mbili, bado tumo kwenye orodha. Gari la wagonjwa lilikuja likasimama barabara kuu, halithubutu kuingia. Basi tukachimba njia ya upana wa mtu mmoja na nusu, watu kumi na tano hivi, wengine sikuwahi kuwajua hata kwa sura, kisha tukamketisha mzee kwenye kiti cha jikoni tukambeba wanne. Njia nzima alikuwa anatukosoa tunavyotupa theluji: "Msiirundike upande wa upepo, itarudi!" Na ikarudi kweli.

Greda lilipita Jumamosi usiku. Lilisafisha vizuri sana, likausukumia mzigo wote pembeni, yaani juu ya vijia tulivyochimba kutoka milangoni. Asubuhi tukaanza upya. Hapo ndipo matusi yalipopamba moto.

Pembeni ya barabara nako kuna habari yake. Siku ile ya kumbeba mzee, barabara kuu ilikuwa nyeusi, safi, magari yanateleza bila shida, lakini njia ya waendao kwa miguu ilikuwa mlima. Mama mmoja alikuwa anasukuma kigari cha mtoto katikati ya magari kwa sababu hakuwa na pengine pa kupita. Nikakumbuka mji wa Karlskoga, Sweden. Huko waliigeuza orodha. Waligundua kwamba kwa desturi yao ya zamani wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wenye magari, hasa wanaume, ilhali wanaoumia kwa kuteleza wengi wao ni watembea kwa miguu, na wengi wa hao ni wanawake. Wakaanza na njia za miguu na maeneo ya shule za chekechea. Hoja yao ni nyepesi: gari linaweza kupenya kwenye theluji ya sentimita 10, kigari cha mtoto hakiwezi. Meya hawezi kuizuia theluji, lakini orodha inaandikwa na ofisi yake kwa kalamu, tena wakati wa kiangazi watu wakiwa wametulia.

Muda nao uko mikononi mwa viongozi. Desemba 2022 huko Buffalo, mji wa jimbo la New York, amri ya kuzuia magari barabarani ilitangazwa asubuhi ile ile dhoruba inaingia, wengine wameshafika kazini. Katika eneo lile walikufa watu 47, baadhi ndani ya magari yaliyofukiwa, baadhi majumbani kwa kuwa msaada haukuweza kuwafikia. Ukitangaza mapema na theluji isije, utachekwa wiki nzima. Mimi nikiwa meya ningechagua kuchekwa.

Na neno wanalolitoa nalo liko mikononi mwao. Chicago, Januari 1979, meya Michael Bilandic aliwaambia watu wakaegeshe magari kwenye viwanja vya shule, eti vimeshasafishwa. Walivikuta vimejaa theluji. Wakati huo huo treni za mjini zikawa zinapita vituo vya mitaa ya watu weusi bila kusimama, ili ziwahi. Mwezi uliofuata akashindwa na Jane Byrne katika kura ya mchujo ya chama chao, na mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo. Nadhani theluji peke yake wangemsamehe.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mtu mwenye haki. Lakini wewe unanijua, na bora uyasikie kwangu.

Jumapili jioni nilimpelekea mzee chai. Akanishukuru kwa kumbeba, akaongea habari za magoti yake, halafu akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba greda lilikuwa limekuja mara ya kwanza Alhamisi usiku. Yeye halali sana, alikuwa dirishani. Lilifika kwenye kona likasimama, likajaribu kukata kulia, likashindwa, likarudi kinyumenyume likaenda zake mtaa mwingine. Kwenye kona ile palikuwa na gari limeegeshwa upande uliokatazwa.

Gari langu. Ujumbe wa halmashauri wa kututaka tuhamishe magari niliupata Jumatano saa kumi jioni, nikausoma, nikasema nitalisogeza asubuhi. Na Ijumaa nilikuwa mmoja wa wale wanne walioshika kiti, tena mwenye sauti kubwa kuliko wote katika kumlaani meya.

Sikujua niseme nini. Mzee akaniongezea sukari kwenye chai niliyomletea mwenyewe, akasema dereva angeshuka akagonga mlango, zamani walikuwa wanagonga. Sijui kama alikuwa ananihurumia au ananiudhi makusudi.

Majirani wengine sijawaambia. Nitawaambia, ila si leo.

Ujumbe mwingine umeingia muda huu: theluji inatarajiwa tena usiku. Gari bado limefukiwa hadi kwenye vioo na saa kumi inakaribia, kwa hiyo naiacha barua hapa nichukue beleshi. Nisalimie mama.

Wako,
swahiba mwenye mgongo mbovu